Kapu, vocha, bustani au sufuria ya shule: mchango wa chakula uende wapi?

Michango mingi ya chakula mitaani ina sura moja: mfuko wa sembe au mchele, sukari, lita ya mafuta, mche wa sabuni. Kwa nyumba iliyopatwa na msiba au mafuriko, huo ni msaada wa kweli. Lakini katika nyumba nyingi za kipato kidogo Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, ugali ndio kitu cha mwisho kukosekana. Hela ikipungua, tunda huachwa kwanza, halafu dagaa au maharage, na fungu moja la mchicha hugawanywa kwa watu sita. Ukiongeza sembe juu ya ugali ambao ungepikwa hata bila wewe, tumbo linajaa na pengo la lishe linabaki palepale.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa familia ya watu watano hizo ni kilo 2 kwa siku, kilo 14 kwa wiki. Ishike hesabu hiyo unaposoma, maana kila njia hapa chini inafika au haifiki kulingana nayo.

Kabla ya kuchagua njia, jua nyumba unazotaka kuzisaidia zimekwama wapi. Pengine chakula kimejaa sokoni ila mfukoni hamna kitu. Hapo peleka uwezo wa kununua, kwa vocha au pesa. Pengine soko liko mbali au mvua imekata barabara; hapo peleka chakula chenyewe. Na pengine chakula kipo lakini hakuna mkaa, hakuna wa kupika, au mtoto anashinda shuleni tangu alfajiri bila kitu tumboni. Hapo peleka chakula kilichopikwa. Kikundi kinachoruka swali hili hujikuta kinagawa maharage makavu kwa bibi asiye na hela ya mkaa wa kuyachemsha kwa saa mbili na nusu.

| Njia | Inakofaa | Kinachofika mezani | Inakoharibikia |
|---|---|---|---|
| Kapu la vyakula vikavu | Mafuriko, ukame, vijiji vilivyo mbali na soko | Nafaka, kunde, mafuta, dagaa | Sumukuvu (sumu ya ukungu), maharage yasiyoiva, kapu kuuzwa |
| Mboga na matunda kutoka soko kuu | Vituo vinavyopika siku hiyohiyo | Mboga, matunda ya msimu | Kuoza, nauli kumeza bajeti |
| Vocha ya gengeni | Mijini na miji midogo | Mboga, matunda, mayai, dagaa | Muuzaji kucheleweshewa malipo, bei kupanda |
| Pesa kwa simu | Penye wakala na soko | Hutegemea madeni ya nyumba | Kodi na deni hutangulia |
| Bustani na mbegu | Penye maji ya uhakika | Mboga baada ya wiki 4 hadi 8 | Maji, wadudu, kukosa mwangalizi |
| Sufuria ya shule | Shule za kutwa | Mlo mmoja kila siku ya masomo | Watoto kutengwa, nishati |

Kapu la vyakula vikavu

Kama ni lazima liwe kapu, badilisha uzito wake. Kwa familia ya watu watano kwa wiki mbili, kapu linaloleta tofauti lina maharage, kunde au choroko kilo 4 hadi 5, dagaa wakavu kilo 1, mafuta ya alizeti lita 2, chumvi yenye madini joto nusu kilo, na unga kilo 10 wa kuongezea ule wa nyumbani. Sukari iondoe, na hela yake iende kwenye dagaa.

Hatari kubwa ya kapu imejificha kwenye mahindi na karanga. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nunua mahindi ya punje, usinunue unga usiojua umetoka wapi, kwa sababu mashine ya kusaga huficha punje mbovu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipima unyevu, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Isipoganda, unyevu uko chini ya hapo, lakini bado haujathibitisha 13.5, hivyo yaanikwe tena juani juu ya turubai. Halafu yachambuliwe kwa mkono: punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye rangi ya kijani au kijivu zitoke zote. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo inayopunguza sumu kuliko kitu kingine chochote utakachoweza kufanya bila maabara.

Kuhusu dona na sembe, dona lina lishe zaidi, lakini kiini na pumba vilivyobaki ndani yake ndivyo hubeba sumukuvu nyingi mahindi yakiwa mabovu, na mafuta ya kiini huufanya unga uchache baada ya wiki chache. Toa dona ikiwa umeyaona mahindi kwa macho yako na utagawa ndani ya wiki mbili. Vinginevyo toa mahindi yenyewe.

Maharage yana kasoro yake. Yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu hugoma kuiva hata ukichemsha nusu siku. Kabla ya kununua gunia, chukua nusu kilo ukaipike nyumbani. Mwambie kila anayepokea aloweke usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea, maana hapo mkaa mwingi unaokolewa.

Dagaa chagua waliokaushwa kwenye chanja. Walioanikwa chini huja na mchanga, na ukiwasafisha uzito hupungua, kwa hiyo bei yao rahisi ni ya udanganyifu. Dagaa mzuri bado ana rangi ya fedha na huvunjika ukimkunja. Aliyegeuka manjano na kunuka mafuta yaliyochacha mwache.

Na kwenye mizani usikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kama kipimo, hata muuzaji akikuambia ni gunia la kujaza vizuri. Nunua kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Bila hivyo hutajua umetoa nini, wala mwaka kesho hutaweza kulinganisha.

Kuna kitu kimoja hakipaswi kuingia kwenye kapu kamwe, nacho ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala iliwekwa kwa sababu nzito: mama akipokea makopo mawili ya bure, maziwa yake hupungua, makopo yakiisha hana hela ya kununua mengine, na maji ya kukorogea si salama. Mtoto asiye na mama, au ambaye mama hawezi kunyonyesha, apelekwe kituo cha afya akapangiwe utaratibu wake.

Mboga na matunda kutoka soko kuu

Wazo hili huvutia wengi: kuna nyanya zinazobaki Ilala au Mabibo jioni, kuna machungwa yanayooza mashambani Muheza msimu ukifika kileleni, basi tuyakusanye tuyagawe. Yanapatikana kweli. Kinachowashinda watu ni usafiri na muda. Familia 40 kwa kipimo cha kilo 14 ni kilo 560 kwa wiki. Mzigo huo ni mkubwa kwa kirikuu, ile pikapu ndogo, na mchicha uliovunwa alfajiri umeshalala ifikapo jioni.

Kwa hiyo njia hii ifanye kazi kwa jiko moja kubwa, isiwe kwa nyumba 40: kituo cha watoto yatima, jiko la msikiti wakati wa futari, jiko la kanisa, shule. Panga hivi: mzigo ukusanywe kabla ya jua kali, nyanya na maembe ziende kwenye kreti za plastiki, kwani kwenye tenga, zilizo chini hupondwa na zilizo juu, mboga za majani zifunikwe kwa gunia la katani lililoloweshwa, zisifungwe kwenye nailoni, na jiko liwe limeshawasha moto mzigo unapofika. Mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo wagawaji waje na makapu.

Muulize mkulima au dalali lini shamba lilipuliziwa dawa mara ya mwisho. Nyanya hupuliziwa mara kwa mara kwa sababu ya kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, na nyingine huvunwa kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha. Ukiona unga mweupe kwenye ngozi ya nyanya na hupati jibu la kueleweka, uache mzigo huo hata kama ni wa bure.

Matunda yafuate msimu. Maembe ya Novemba hadi Januari bei yake huanguka, na hapo mchango mdogo hulisha wengi. Kununua matufaha ya kutoka ng'ambo kwa ajili ya kugawa ni hasara ya fedha ambayo ingebaki kwa mkulima wa hapa.

Vocha ya gengeni

Kwa mjini hii ndiyo tungeipa nafasi ya kwanza. Genge lipo kila mtaa. Mwenye genge ameshaamka saa kumi usiku kwenda sokoni, ameshalipa usafiri, anajua nani ana watoto wangapi. Vocha inampa wateja zaidi, familia inachagua inachokula, na hakuna ghala la kulinda.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Chagua magenge mawili au matatu kwa mtaa ili pasiwe na ukiritimba. Andikianeni mapatano mafupi mbele ya serikali ya mtaa: vocha inanunua mboga za majani, nyanya, karoti, vitunguu, bamia, matunda, mayai, dagaa, maharage, hainunui soda, sukari, biskuti wala sigara, na hairudishiwi chenji ya pesa. Chapa vocha za shilingi 500 na 1,000. Vocha ya 5,000 ni kosa, kwa sababu humlazimisha mtu kununua mboga za siku nne kwa mpigo, na nyumba haina friji. Kila vocha iwe na namba, mhuri na tarehe ya mwisho, na rangi ibadilike kila mwezi ili ya zamani ionekane mara moja.

Halafu panakuja penye roho ya mpango mzima: mlipe mwenye genge kila siku, au kila baada ya siku mbili. Mtaji wake ni mdogo na unazunguka kila alfajiri. Ukimwambia asubiri mwisho wa mwezi, siku ya tano hana hela ya kwenda sokoni, siku ya saba anapandisha bei kwa wenye vocha ili kufidia, na siku ya kumi anawaambia vocha zimeisha. Mipango mingi ya vocha hufa hapo, na lawama humwangukia muuzaji wakati kosa ni la mchangiaji. Mtangulizie theluthi ya makadirio ya wiki, kisha mlipe kwa simu kwa kadiri vocha zinavyorudi, na umwongezee gharama ya kutolea.

Kila wiki pita kwenye magenge mawili yasiyo kwenye mpango, ulize bei ya fungu la matembele na nyanya nne, ulinganishe. Tofauti ikiendelea wiki mbili, zungumzeni. Kuna watakaouza vocha kwa pesa, ya 1,000 kwa 700. Wakiwa wachache, vumilia, huenda mtoto alihitaji dawa. Wakiwa wengi, ujue nyumba hizo zinahitaji pesa zaidi ya mboga, ubadilishe njia.

Kwa mfano, familia 30 zikipewa vocha za shilingi 10,000 kwa wiki, ni 300,000 kwa wiki, 1,200,000 kwa wiki nne. Anza na wiki 12, na uwaambie tangu siku ya kwanza kuwa ni wiki 12.

Pesa kwa simu

Ni rahisi, inaheshimu utu wa mpokeaji na haina gharama ya lori. Ila pesa haina lebo. Kodi ya chumba ikiwa imechelewa miezi miwili, pesa ya mboga itaenda kwa mwenye nyumba, na huwezi kumlaumu mama aliyefanya hivyo. Itumie pale unapokubali jambo hilo waziwazi, au kwa ndugu walio ng'ambo ambao hawana mtu wa kusimamia vocha. Hao wanaweza pia kumlipa mwenye genge moja kwa moja, familia ikachukua kwa daftari.

Bustani na mbegu

Watu hupenda kuchangia bustani kwa sababu inaonekana itajitegemea. Itajitegemea penye maji. Bustani za magunia zilienea Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya 2008, shirika la Solidarités International lilipogawa miche, nazo zilishika kwa sababu zinatosha kwenye upenyo wa nyumba.

Gunia la kilo 100 linatengenezwa hivi. Changanya udongo sehemu 3 na samadi iliyooza sehemu 1. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila yake miche ya pembeni hukauka wakati juu pameloa chepechepe. Toboa matundu pembeni kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, panda sukuma wiki au spinachi kwenye matundu, na juu weka vitunguu au nyanya chache. Linahitaji lita 5 hadi 10 za maji kwa siku. Mahali ambapo dumu la lita 20 linanunuliwa, piga hesabu ya mwezi ulinganishe na mboga zitakazotoka. Mara nyingi vocha itashinda. Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi husaidia. Udongo usichukuliwe kando ya barabara kuu, gereji au jalala. Gunia la plastiki huchakaa kwa jua, hivyo panga kulibadilisha.

Kijijini, mchango bora kuliko pakiti za mbegu za kabichi ni marando (vipande vya shina vya kupandia) ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Aina kama Mataya na Kiegea zilitolewa kwa wakulima hapahapa Tanzania. Kata marando ya sentimita 30, panda kwa nafasi ya sentimita 30 kwenye matuta yaliyoachana mita 1. Tuta la mita 10 linachukua marando 33 hivi. Matembele yake yanaliwa viazi vikiwa bado vinakua, viazi vyenyewe vinakomaa kwa miezi 4 hadi 5, na marando yanapita kwa jirani bila kununuliwa. Vitamini A yake huingia mwilini vizuri viazi vikiliwa na mafuta kidogo au karanga. Yanayoviangusha ni mawili. Fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hupenya udongo unapopasuka, basi palilia na kuinulia udongo mapema. Na kiangazi huua marando yote, kwa hiyo mchango uhusishe kitalu kidogo karibu na kisima, chenye mtu anayelipwa kukitunza mpaka mvua zirudi.

Sufuria ya shule

Hapa ndipo fedha kidogo hufika kwa watoto wengi zaidi, lakini wachangiaji hukosea bidhaa. Chukua shule yenye wanafunzi 300. Kwa mlo wa mahindi gramu 120, maharage gramu 40 na mafuta gramu 5 kwa mtoto, siku moja inahitaji mahindi kilo 36, maharage kilo 12 na mafuta kilo 1.5. Kwa siku 194 za masomo ni takriban tani 7 za mahindi, tani 2.3 za maharage na kilo 290 za mafuta. Mahindi ukiyagawa kwa mtoto ni kilo 23, debe moja na theluthi hivi, na wazazi wa mikoa inayolima mahindi wanaweza kulitoa wakati wa mavuno. Maharage, mafuta na dagaa ndivyo huwashinda. Basi changia hivyo, uwaachie wazazi mahindi, ili shule isivunje mazoea ya kuchangia ambayo yatabaki baada yako.

Ongeza mboga: gramu 50 kwa mtoto ni kilo 15 kwa siku. Ingia mkataba na kikundi cha kina mama wanaolima jirani, walete saa mbili asubuhi, wapimwe, walipwe kila Ijumaa.

Usikubali mtoto kunyimwa sahani kwa sababu mzazi wake hakutoa debe. Hii hutokea, na huwafukuza shuleni watoto walewale ambao sufuria iliwekwa kwa ajili yao. Sehemu ya mchango wako iitwe wazi kuwa inafidia nyumba zisizoweza, na majina yao ayajue mwalimu mkuu na kamati tu. Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 unamtoza mtoto shilingi 5 tu za Kenya kwa mlo, nyingine zinalipwa na wengine, na chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa machache. Kwa shule moja moja za kwetu, jiko moja la kata linalolisha shule tatu za jirani linastahili kupigiwa hesabu.

Nishati isisahaulike. Serikali ya Tanzania imeagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, hivyo bajeti isiyo na jiko la gesi au mkaa mbadala ina pengo tangu mwanzo.

Nani apewe, na lini

Orodha ya mjumbe peke yake ina ndugu zake ndani. Ilinganishe na ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii na ya mwalimu, uanze na majina yanayojirudia. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mkono hausemi uongo. Chini ya sentimita 12.5 nyumba hiyo iingie kwenye mpango. Chini ya sentimita 11.5 mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo, maana hali hiyo inahitaji tiba na haitatulizwa na kapu wala vocha.

Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma na Singida, mahindi huwa rahisi Juni na Julai na ghala hubaki tupu Januari mpaka Machi. Changisheni mapema, mnunue wakati wa mavuno, mhifadhi kwenye mifuko ya PICS, mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa, yenye tabaka tatu: punje zikiwa zimekauka, hewa ikikamuliwa, mfuko wa ndani ufungwe kwanza, wa pili juu yake, wa nje mwisho, kila mmoja kwa kamba yake. Usiwekwe moja kwa moja sakafuni wala kuegemezwa ukutani, na usifunguliwe kuangalia-angalia, kwa kuwa hewa ikiingia wadudu hufufuka. Ugawaji uanze Januari.